Mgomba Usiochipua

2 Machi, Jumapili

Bwana wa kitalu cha miche ameniambia ninunue daftari. "Mbegu za mwitu zina maringo," amesema. "Usipoandika siku utasahau ulianza lini, kisha utasema zimekufa." Sikununua. Nimechukua hili la kazini, lililojaa saa za watu na ubovu wake, nikaligeuza, nikaanza nyuma.

Basi niandike ukweli, maana daftari halina mdomo.

Wiki tatu zilizopita niliukata mgomba mwitu wa dada yangu. Dada alikuwa kwa shangazi, anamuuguza. Mgomba ulisimama nyuma ya dirisha la chumba changu cha kazi, majani mapana kama milango, na mimi ni fundi saa. Riziki yangu yote iko kwenye mwanga wa dirisha lile. Tangu mwaka jana meza yangu ina giza. Nilinung'unika, nikapogoa majani mawili, giza likabaki palepale. Siku ile skrubu ya saa ya kike ilinidondoka mara tatu, na mara ya nne sikuipata tena. Nikatoka na panga. Shina la mgomba ni maji matupu. Mapigo manne likalala chini, na mkungu wake kichwani.

Sikuona kosa. Mgomba ni mgomba. Tangu tuzaliwe tunajua kwamba ukiukata leo, baada ya wiki wana wake wamekizunguka kisiki. Nilijiambia dada atakuta machipukizi, atafoka siku moja, yataisha.

Alirudi, akasimama kwenye mlango wa nyuma, mkoba bado uko begani.

"Umeukata."

"Utachipua, dada."

"Huu hauchipui. Mgomba mwitu hauna wana wa pembeni. Unazaa mkungu mmoja, unaacha mbegu, unakufa. Nilikuwa nasubiri mbegu zikomae."

"Sasa mimi ningejuaje? Hata kuliwa hauliki. Ndizi zake kokoto tupu."

"Ungeuliza."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angefunga mdomo. Mimi nilisema: "Nyumba hii baba aliniachia mimi. Siombi ruhusa kukata mti."

Dada ndiye aliyenilea. Mimi ni kitindamimba, na tangu nikiwa natambaa ananiita Kitinda. Jina langu la shule sijawahi kulisikia kinywani mwake. Tangu siku ile ananiita Mwenye Nyumba. "Mwenye Nyumba, chakula tayari." "Mwenye Nyumba, una mteja." Haongezi, hapunguzi. Heri angenitukana.

3 Machi

Niliusahau mkungu jalalani. Yeye hakuusahau. Aliubeba, akaketi na kisu cha jikoni, akapasua ndizi moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa na mbegu nyeupe, laini kama wali uliolowa. Kwenye chane ya juu kabisa, iliyotangulia kukomaa, alipata mbegu nyeusi kumi na saba. Akazikausha dirishani. Jana asubuhi aliniletea kwenye kisahani cha chai.

"Mwenye Nyumba. Wewe umekata, wewe otesha."

Shemeji yangu, mume wake, alikuwa mpima ardhi. Kazi yake ya mwisho alipima kilima chenye msitu, akarudi na mbegu tatu kwenye mfuko wa shati. Mwezi uliofuata akafariki. Hawakujaliwa mtoto. Dada alirudi nyumbani kwetu na sanduku moja na mbegu tatu, akazipanda, ukaota mmoja. Ndio huo niliouangusha kwa mapigo manne. Kwa hiyo hizi kumi na saba ni wajukuu wa mfuko wa shati lile. Watu husema majuto ni mjukuu. Sikujua mjukuu mwenyewe ni mweusi na ukubwa wake ni wa njegere.

4 Machi

Nimeziloweka kwenye maji ya uvuguvugu. Nne zinaelea. Bwana wa kitalu anasema zinazoelea ni makapi, nisijipe tabu nazo. Zimebaki kumi na tatu.

6 Machi

Nimebadilisha maji.

7 Machi

Nimebadilisha maji. Mvua ya kwanza imeanza jioni, ya rasharasha.

9 Machi

Mbegu hii ina ganda gumu kama mfupa. Upande mmoja ina kitundu chenye kifuniko kidogo. Bwana wa kitalu anakiita mlango, maana chipukizi hutokea hapo. Kazi ni kukwaruza ganda ubavuni, kidogo tu, mpaka rangi ibadilike na maji yapate pa kuingia. Mlango usiguswe. Akaniuliza kama nitaweza. Nikacheka. Miaka arobaini nafunga skrubu ambazo ukipiga chafya unazivuta puani, leo niulizwe kuhusu njegere!

Nikavaa lenzi jichoni, nikashika tupa yangu ndogo kuliko zote na kibano, nikawasha taa. Ya kwanza nilidhani nimekwaruza ubavu. Nilikuwa nimeula mlango wote. Ya tatu nimetoboa hadi ndani, unga mweupe ukatoka. Ya nne hivyo hivyo. Nimesitasita, nikafuta lenzi, nikaendelea. Hadi namaliza nimeharibu sita.

Tupa imechakaa.

10 Machi

Nimepanda saba kwenye trei, mchanga na mboji iliyooza, kina cha nusu kidole, nailoni juu. Trei iko kwenye ncha ya meza, chini ya taa, zipate joto. Zile sita nimezificha kwenye kopo la springi kuukuu.

Dada akapita mlangoni. "Zote kumi na tatu ziko mchangani?"

"Zote."

Sijui kwa nini nimedanganya. Najua.

15 Machi

Hakuna.

18 Machi

Hakuna. Mvua.

19 Machi

Mvua. Dada ameweka ndoo chini ya bati linalovuja kwenye korido. Nikamwambia nitapanda kuliziba. Akasema, "Ni bati lako, Mwenye Nyumba."

22 Machi

Bwana wa kitalu amekuja kuleta saa yake ya ukutani, nadhani ni kisingizio tu cha kuja kuona trei. Akaigusa nailoni.

"Hii taa unaizima saa ngapi?"

"Siizimi. Si umesema joto?"

"Nimesema joto la mchana. Usiku inataka baridi. Mbegu ikikosa usiku haijui kwamba siku zinapita, inakaa tu. Wewe fundi saa bwana, hili nikufundishe mimi? Saa isiyotiwa ufunguo itaenda?"

Nikakubali, nitaizima usiku. Kisha akatazama dirisha, akatazama taa. "Na mchana huu, jua hili lote, taa ya nini?"

Nikamwambia saa yake itakuwa tayari Alhamisi.

29 Machi

Hakuna.

8 Aprili

Leo nimeaibika. Mwalimu wa hesabu, mteja wangu tangu ana nywele, ameirudisha saa yake. "Fundi, hii saa inanichekesha. Saa sita kamili mshale wa dakika uko kwenye tatu." Nilikuwa nimeupachika mshale pembeni, sikuona. Nikasema ameigonga mahali. Mwalimu ni muungwana, akakubali kwamba pengine aliigonga.

Dada alikuwa mlangoni na chai. Aliweka kikombe, akanitazama zaidi kidogo kuliko kawaida yake ya siku hizi, ambayo ni kutonitazama kabisa. Nikapiga kelele kwamba chai haina sukari. Ilikuwa nayo.

Mgomba haupo wiki ya tisa sasa. Dirisha liko wazi, hata jani moja halipo. Meza yangu bado ina giza.

16 Aprili

Nimekwenda kwa daktari wa macho bila kumwambia mtu. Nimeaga kwamba naenda kutafuta betri.

Alinimulika, akaniwekea kidevu kwenye chuma, akanionyesha herufi. Nilisoma ya juu, nikabuni ya pili.

"Mzee, una mtoto wa jicho. Macho yote mawili."

Nikamwambia hongera kwangu basi, miaka sitini na mitatu napata mtoto. Akacheka, akaandika. Nikamuuliza ameanza lini. Akasema hawezi kutaja siku, lakini kwa alivyokomaa hakosi miaka miwili. Utaona kama kuna ukungu, akasema, utaona vyumba vina giza, utawasha taa mchana.

Nikauliza, "Mti ukiwa nje ya dirisha?"

"Mti gani?"

"Basi tu."

Nimepewa tarehe ya upasuaji, Julai. Nimerudi kwa miguu, mvua yote ikanyesha juu yangu, sikuharakisha. Miaka miwili! Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikatoka nje na panga kukitafuta. Mgomba ule haukuninyima hata chembe ya mwanga. Nilimkosesha dada yangu kitu cha mwisho kilichotoka mfukoni kwa mume wake, kwa ajili ya giza nililokuwa nalibeba mwenyewe kila ninakokwenda.

Nimefika nikakuta ameniwekea taulo kavu kwenye kiti. "Umepata betri, Mwenye Nyumba?"

Nikasema zimekwisha.

17 Aprili

Nilitaka kumwambia asubuhi. Alikuwa anachambua mchele, nikaona nisimsumbue.

18 Aprili

Leo pia.

28 Aprili

Dada ameniita sebuleni, akakaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Wifi yangu ameniomba nikaishi naye. Yuko peke yake, mimi ndivyo hivyo. Nitakwenda mvua zikiisha, barabara ikikauka."

"Na hapa?"

"Hapa ni kwako."

"Dada, mbegu bado. Bwana wa kitalu anasema hata miezi sita."

"Zikiota utaniletea."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Macho yangu, daktari, zile sita kwenye kopo. Nikayameza. Nilijiambia nitamwambia siku itakapoota hata moja, nikiwa na kitu mkononi, maana mkono mtupu haulambwi. Kwamba nikimwonyesha mche atakaa. Sasa nasali kwa ajili ya mchanga.

5 Mei

Hakuna.

9 Mei

Hakuna. Mvua siku nne mfululizo. Mteja mmoja tu, na amekuja kujikinga.

13 Mei

Hakuna.

20 Mei

Hakuna. Namsikia akikunja nguo.

27 Mei

Nimegundua dada hupika vyakula ninavyovipenda, siku baada ya siku, kwa zamu, bila kusema neno. Nilidhani ananikomoa kwa ukimya. Sasa nadhani anaaga. Miezi hii yote nimekuwa nikimhesabia maneno, sikuhesabu sahani.

3 Juni

Magugu mawili kwenye trei. Nimeyang'oa kwa kibano, nikayaweka dirishani. Mbegu hakuna.

7 Juni

Hakuna. Mvua zinapungua. Bati limeacha kuvuja lenyewe, kabla sijapanda.

11 Juni

Jua. Barabara inakauka.

14 Juni, Jumamosi

Gari la kwa wifi yake lilikuwa lije saa nne. Saa tatu na nusu dada aliingia chumba changu cha kazi, amevaa viatu vya safari, sanduku ameliacha kwenye korido. Nilijifanya nina saa mkononi.

"Mwenye Nyumba, nimekuja kuaga."

Hakuja nilipo. Alizunguka meza hadi kwenye trei, akainua nailoni, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu mpaka nikaweka saa chini.

"Umetoka mmoja," akasema.

Nikasimama, nikagonga goti kwenye meza, nikainama karibu yake mpaka pua ikanusa mboji. Niliona kahawia, na ule ukungu wangu wa siku zote.

"Naam," nikasema. "Naona."

"Unaona?"

"Naona, dada. Mche mzuri."

"Una majani mangapi?"

Fundi saa hakosi jibu la namba. "Mawili."

"Hauna hata moja," akasema taratibu. "Ni kijiti cha kijani, urefu wa kucha."

Nilisikia saa zote za ukutani, kila moja na mwendo wake. Dada alikuwa ameshageukia dirisha. Kando ya chupa ya skrubu aliona kitu, akakichukua.

"Na hivi?"

"Magugu. Niliyang'oa mwanzoni mwa mwezi."

"Nyoosha mkono."

Akaniwekea kiganjani. Nyuzi mbili zilizonyauka, kavu. Nikazipapasa. Chini ya unyuzi wa kwanza vidole vyangu vikakuta kitu kigumu, cha mviringo, kimening'inia shinani. Ubavuni kilikuwa kimekwaruzwa kidogo, vizuri, inavyotakiwa. Macho yangu hayajui kitu siku hizi, lakini vidole hivi vimeshika vitu vidogo miaka arobaini. Niliitambua tupa yangu.

Unyuzi wa pili nao ulikuwa na mbegu yake.

Nikakaa chini. Mgomba ule nimeukata mara mbili. Mara ya kwanza kwa panga, mara ya pili kwa kibano.

"Ni macho?" akauliza.

"Mtoto wa jicho. Yote mawili."

"Umejua lini?"

"Aprili. Siku ya betri."

"Na giza la meza?"

"Lilikuwa langu. Mgomba haukuwa na kosa lolote, dada. Na mbegu sikupanda kumi na tatu. Sita niliziua kwa tupa, nikazificha." Nikafungua lile kopo, nikalisukuma upande wake. Nilitaka sana anipige.

Dada alikaa kwenye kigoda cha wateja. Hakulitazama kopo. Alinitazama machoni, yaani ndani ya macho yenyewe, kama anatafuta kitu alichokiacha humo.

"Ulipougua surua," akasema, "nilikuosha macho hayo siku tisa, kwa pamba na maji ya chumvi. Mama alikuwa hoi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Watu wakasema utapofuka, mimi nikasema thubutu." Akakung'uta vumbi ambalo halikuwepo kwenye gauni. "Ungeniambia tu huoni. Ungeniambia huoni, ningeukata kwa mkono wangu mwenyewe."



Honi ikalia nje. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kijiko kikubwa na kopo tupu la maziwa. Akauchota ule mche na bonge lake la mchanga, akauweka koponi, akaushindilia kwa kidole gumba.

"Wewe huwezi kuulea huu. Utaung'oa."

"Baki, dada. Nyumba hii ni yetu sote."

"Hilo ulitakiwa uliseme Februari." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Zimebaki nne humo. Mwagilia. Na taa uzime usiku."

Nilibeba sanduku hadi garini. Yeye alibeba kopo kwa mikono miwili, akaliweka mapajani. Gari lilipoondoka nilipunga mkono, nikaendelea kupunga. Sikuweza kujua kama na yeye alipunga.

15 Juni

Nimemwagilia.

22 Juni

Nimemwagilia. Nimepika mwenyewe. Afadhali nisiandike nilichopika.

30 Juni

Bwana wa kitalu amekuja kuulizia, nikamsimulia yote. Aliniambia, "Maji yakimwagika hayazoleki, fundi." Nikamwambia hilo nalijua, anipe jingine. Hakuwa nalo. Akanipapasia trei, akasema hakuna.

9 Julai

Kesho hospitali. Jicho la kulia kwanza.

14 Julai

Wamenifungua. Nimerudi nyumbani nikaenda moja kwa moja chumba cha kazi, taa sijawasha.

Mwanga umejaa mezani mpaka ukutani. Naona mikwaruzo ya mbao, naona vumbi, naona skrubu ya saa ya kike, ileile, imekaa kwenye ufa wa sakafu hatua moja kutoka kitini. Ilikuwepo siku zote. Naona kisiki nje, kimekauka, hakina mwana hata mmoja pembeni.

Nimelifungua daftari hili nikalisoma kwa mara ya kwanza kama msomaji. Machi herufi zangu ni ndogo, za fundi. Mei zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, na mistari inapandiana. Tarehe 3 Juni nimeandika juu ya mstari mwingine, lakini inasomeka vizuri sana. Magugu mawili.

Nimetazama trei kwa lenzi, sentimita kwa sentimita. Nne bado zimelala.

21 Julai

Dada ametuma ujumbe kwenye simu. Tangu aondoke ni wa kwanza.

"Majani matatu sasa. Njoo uhesabu mwenyewe."

Nitakwenda Jumamosi. Nimeshaongea na dereva, na saa za watu nitazirudisha Ijumaa. Nitamchukulia skrubu ile nimwonyeshe, atacheka au hatacheka.

Ujumbe nimeusoma mara nne, kwa jicho la kulia, bila lenzi. Hakuniita Mwenye Nyumba. Nimelitafuta na lile jina langu la utotoni, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naona vizuri kabisa. Halipo.